Kichwa cha Daktari, Mapafu Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa matofali mawili.

Nilikuwa nimevaa gauni la kuazima, nimejipaka mafuta mpaka visigino, nikitegemea kuvishwa kofia nyeupe na kushikishwa sindano. Matroni wa hospitali ya serikali pale Shinyanga, yaani mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mwanamke mrefu aliyetembea kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Alinitazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akanipa tofali mkono huu na tofali mkono huu.

"Kitanda cha sita. Upande wa kichwa."

"Shikamoo Matroni. Niyafanyie nini?"

"Marahaba. Hatukukuajiri ujenge nyumba. Inua kitanda, yaweke chini ya miguu yake. Mzee yule anazama."

Nikatazama sakafuni kutafuta maji. Wodi nzima ya wanaume ikacheka. "Huyu katoka kwao leo," mmoja akasema, "anatafuta lambo la ng'ombe!" Mzee wa kitanda cha sita peke yake hakucheka, hakuwa na pumzi ya kuchekea. Alikuwa amelala chali, kifua kinachemka kama sufuria ya maharage. Nikainua kitanda, nikasukuma tofali kwa mguu, nikahamia upande wa pili. Kabla sijafuta jasho mzee akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Ndipo nilipojua kwamba tofali ni dawa.

Nawaandikia ninyi wauguzi wa leo mliosoma mkapata vyeti. Mimi niliishia darasa la nne, na niliingia kazini nikiwa mjane mwenye watoto wawili, miaka michache baada ya Uhuru. Cheo changu kilikuwa mhudumu wa wodi: kupiga deki, kumwaga mikojo, kulisha, kuosha, kugeuza. Kugeuza ndiyo kazi niliyoijua kuliko wote, na sioni aibu kusema hivyo. Madaktari walinitafuta kwa jina kwa sababu ya mikono hii. Na kwa sababu ya mikono hii hii nina jambo la kueleza ambalo nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Matroni alitufundisha kwa kupiga vidole kwa rula. "Mtu anayelala bila kugeuka ni uji ulioachwa bila kukorogwa," alisema. "Unaganda chini." Makohozi hushuka sehemu ya chini ya mapafu, hukaa, huoza, kisha homa inakuja. Kwa hiyo kila saa mbili mgonjwa asiyejiweza alihamishwa: kulia, mgongo, kushoto. Tukamgonga mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama vikombe, ili kilichoganda kibanduke. Tukamsafisha kinywa kwa pamba na maji ya chumvi, maana uchafu wa mdomoni hauna safari ndefu kufika kifuani. Matroni alikuwa na tabia ya kukunusisha pumzi ya mgonjwa wako. Ikinuka, ulirudia kazi mbele ya wenzako.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Geita, kwenye zahanati. Huko walikuja wazee waliopasua miamba chini ya ardhi tangu ujana wao, mapafu yamejaa vumbi la mawe, wanapanda ngazi tatu na kukaa. Ugonjwa wao haukuwa na dawa. Bwana Mganga wa pale alikuwa na kipimo kimoja tu cha kusikilizia kifua, nacho kilikuwa shingoni mwake hata akila. Akaniambia, "Mama Leticia, wewe una masikio. Weka sikio mgongoni." Nikaweka. Nilijifunza kusikia pumzi inayopita vizuri kama upepo katika mtama, na nikajifunza kusikia ile nyingine, inayolia chini kabisa mwa mapafu kama chumvi iliyomwagwa kwenye makaa. Ukiisikia hiyo, usingoje kipimo cha joto.

Kutoka hapo nilichukuliwa na hospitali ya misheni, magharibi ya Kahama. Jina lake nitaliacha. Sista Mkuu, mtawa mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesikia habari za masikio yangu. Hapo ndipo nilipokutana na Daktari wa Vichwa.

Huyu hakuwa wa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Alikuja kwa ndege ndogo mara chache kwa mwaka, anakaa siku chache, anapasua waliokuwa wakimngoja, anaondoka. Wengi walikuwa waliopasuka fuvu kwa kuanguka au kwa rungu. Lakini safari moja alimkuta mama mwenye uvimbe ndani ya kichwa.

Tulimwita Mama Kulwa. Alikuwa mkulima wa pamba, mwanamke wa makamo, mcheshi, na mvutaji wa kiko. Mkono na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kulegea, kisha zikaja degedege, mwili unatetemeka na povu mdomoni. Juu ya sikio la kulia mfupa ulikuwa umevimba, ukiugusa unauhisi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umenenepa, na Daktari akasema chini yake kuna uvimbe umekaa juu ya utando wa ubongo, si ndani ya ubongo wenyewe. "Huu unatoka," akasema. "Lakini safari ijayo. Leo mapafu mabaya."

Akanigeukia. Akagusa kichwa chake mwenyewe, kisha akaninyooshea kidole. "Kichwa, mimi. Mapafu, wewe."

Nilivimba kwa fahari. Nawaambia ukweli. Mimi wa darasa la nne nimegawiwa nusu ya mtu na daktari wa ndege!

Nikamchukua Mama Kulwa kama mwanafunzi. Kwanza nikamnyang'anya kiko.

"Mama Leticia, hata mume wangu marehemu hakuthubutu."

"Mume wako hakuwa na mapafu yako. Mimi ninayo."

"Basi yavutie wewe tumbaku, mimi nitoe moshi."

Akacheka, akakohoa mpaka akashika ukuta. Wiki ya kwanza alinitukana Kisukuma na Kisumbwa. Ya pili kikohozi kikalegea. Nikampa chupa ya maji yenye mrija, apulize viputo polepole mara kumi kila saa, ili mapafu yafunguke hadi chini. Nikamfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo, mkono wangu juu ya kitovu chake, mkono unapanda, mkono unashuka. Nilitaka avijue vyote hivyo kabla, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye dawa ya usingizi hafundishiki. Na dawa ya siku zile ilikuwa etha. Inachoma koo, inaleta makohozi mengi kama mafuriko.

Nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi hukosea. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo tunamwambia, shika tumbo, kohoa kwa nguvu. Wa kichwa hapana. Akikohoa kwa nguvu, damu inasukumwa ndani ya fuvu, na fuvu halina pa kutanuka. Basi kohozi lazima litoke, na kukohoa kwa nguvu kusiwepo. Kazi ni hiyo. Utamlaza kichwa kimeinuliwa kwa matofali, shingo imenyooka isijikunje. Utamgeuza mwili mzima kwa pamoja kama gogo, watu wawili, mmoja ameshika kichwa. Hutamlaza upande uliokatwa. Utamzungusha kati ya mgongo na ubavu wa pili. Ukimfyonza makohozi kwa mpira na ile mashine ya kukanyaga kwa mguu, utahesabu mpaka kumi, utaacha apumzike. Na hatakunywa hata uji mpaka akae, apewe kijiko kimoja cha maji, nawe usikilize sauti yake. Sauti ikilowana, maji yameenda njia isiyo yake.

Daktari aliporudi safari iliyofuata, upasuaji ulichukua tangu asubuhi hadi jua linainama. Uvimbe ulitoka mzima, mkubwa kama yai la kanga. Daktari alikaa siku mbili akimchungulia macho kwa tochi. Siku ya tatu rubani akaja. Mama Kulwa alikuwa anafumbua macho ukimwita, anakubana kidole kwa mkono wa kulia, lakini bado alikuwa mzito wa usingizi, na upande wa kushoto haukuwa umeamka. Daktari alinishika bega. "Kichwa, mimi nimemaliza," akasema. "Sasa wewe."

Hospitali yetu ilikuwa na wahudumu wachache, kwa hiyo ndugu walifanya kazi nasi. Binti yake, Kulwa, alikuwa mwepesi kufundishika. Mimi nikishika kichwa, yeye anashika nyonga, tunageuza. Nilitundika kadi ya katoni kwenye msumari mlangoni mwa kile chumba kidogo, na penseli kwa kamba. Kila mgonjwa akigeuzwa, unapiga mstari. Usafi wa kadi ile ulinipendeza kuliko picha ya ukutani.

Siku ya nne mtoto mchanga wa Kulwa akatoka surua. Nikamwona shingoni madoadoa, nikajua. Nikamwambia Kulwa, "Toka. Nenda wodi ya surua na mwanao, na usirudi huku mpaka nikuambie. Huwezi kutoka kule ukampumulia mama yako."

"Na mama atageuzwa na nani?"

"Mimi nipo."

Nilikuwa sahihi. Hata leo ningemtoa. Akabaki mumewe, Masalu, kijana mrefu mpole aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Geita na kulima msimu wa mvua. Alikaa nje kwenye baraza, kofia magotini, mgongo kwa dirisha. Tangu tuwapokee hakuwahi kuingia chumba kile. Chakula alikileta mpaka kwenye kizingiti, akakiweka chini, akakohoa kidogo ili mkewe atoke kukichukua.

Msomaji wa kutoka mbali pengine atashangaa. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Akimwona njiani anaingia porini apishe. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Kumgusa mwili, tena mama aliyelala na shuka tu, ni jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi. Si kwamba hampendi. Ndivyo anavyompenda.

Hayo yote niliyajua. Sikuyasoma, nimezaliwa nayo. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Asubuhi ya siku ya tano lori lilifika uani likipiga honi. Mvua ilikuwa imebomoa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, na watu waliotolewa udongoni walikuwa wamelazwa juu ya magunia. Miguu imevunjika, vifua vimebanwa, wengine kimya. Sista Mkuu akaita kila mwenye mikono. Nilikuwa natoka kumgeuza Mama Kulwa. Nikamkuta Masalu barazani.

"Wewe," nikamwambia. "Utamgeuza mama yako. Kuna mzee wa usafi pale, muite ashike kichwa. Saa nne, saa sita, saa nane, mpaka nirudi. Kila ukigeuza, piga mstari kwenye kadi."

Akatazama ardhi. "Mama... yule ni mama mkwe wangu."

"Hospitalini hakuna mkwe," nikasema. "Hospitalini kuna mgonjwa."

Maneno hayo niliyapenda yaliponitoka. Yalisikika kama ya Matroni. Nilikuwa na gauni jeupe, na nilidhani gauni jeupe limeosha Usukuma wote kutoka kwangu na kwake.

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

Siwezi kueleza siku ile yote. Nilishika miguu ikikatwa. Niliwafumba macho watu watatu. Mchana niligeuka nikamwona Masalu mlangoni mwa wodi kubwa, kofia mkononi, anasogeza midomo. Mikono yangu ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. "Rudi kwa mgonjwa wako!" nikampigia kelele. Akarudi. Baadaye akaja tena, na mhudumu mwingine akamfukuza kabla hajafika kwangu.

Jioni nilipita mbio mbele ya chumba kile nikiwa nimebeba mashuka. Kadi ilikuwa na mistari yote, imenyooka, hakuna saa iliyorukwa. Nikasema moyoni, kijana huyu ni mtu. Sikuingia. Nilisoma kadi, sikumsoma mgonjwa. Wa zamu ya usiku naye akaona mistari inaongezeka, akasoma kadi akapita.

Niliingia asubuhi. Mama Kulwa alikuwa amelala chali vile vile nilivyomwacha, na mkunjo wa shuka ulikuwa ule ule niliouvuta kwa mkono wangu. Tundu za pua zilikuwa zinatanuka. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika moja na nilipopita arobaini nikaacha kuhesabu. Nikaweka sikio mgongoni. Chumvi kwenye makaa, kulia na kushoto, mpaka katikati ya mgongo.

Nilifanya vyote. Nilimfyonza, nikamgonga, nikamgeuza, nikamkalisha. Sista Mkuu alileta penisilini na mtungi wa oksijeni uliokuwa umebaki robo. Tulihangaika naye siku tatu. Siku ya pili alifumbua macho, akanitambua, akasogeza mdomo kama anayepuliza mrija wangu. Alikumbuka somo. Hakuwa na pumzi ya kulifanyia kazi. Siku ya tatu akafa mchana, watu wakiwa wanakula.

Kidonda cha kichwa kilikuwa kimekauka vizuri, safi kama cha mtoto.

Sista Mkuu alituita koridoni. Ndugu wote walikuwepo, kaka zake Mama Kulwa wametoka Ushirombo na baiskeli, Kulwa ametoka wodi ya surua, mtoto mgongoni ameanza kupona. Sista akainua ile kadi.

"Mistari inasema aligeuzwa. Mgongo wake unasema hapana. Nani alipiga mistari hii?"

"Mimi," Masalu akasema.

"Na ulimgeuza?"

"Hapana, Sista."

"Kwa nini ulipiga mistari?"

Akazungusha kofia. "Niliambiwa kugeuza na kupiga mstari. Mstari ndio niliuweza."

Hakuna aliyecheka. Sista akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa mafupi tu: alinieleza ni mama mkwe wake, nikamlazimisha, kisha sikwenda kutazama. Maneno machache kuliko Baba Yetu. Badala yake nikasema, "Nilimwagiza, Sista. Alinijibu ndiyo."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake.

Kaka mmoja akatema mate chini. "Umemuua dada yetu kwa kalamu," akamwambia Masalu. Kulwa alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, akanitazama muda mrefu. Masalu alingoja labda niongeze neno. Sikuongeza. Akavaa kofia, akatoka. Nilisikia baadaye kwamba wajomba hao walimrudisha Kulwa kwao, na ndoa ikafia hapo.

Daktari wa Vichwa aliporudi baada ya miezi, alishuka kwenye ndege akiwa na zawadi ya Mama Kulwa, kitambaa cha kufungia kichwa mpaka nywele ziote.

"Kichwa?" akaniuliza.

"Kilipona."

"Na mama?"

"Mapafu, Daktari."

Akasimama. Nikataka anitukane. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha kunitukana. Akanipa kile kitambaa, akaingia ndani kuona wagonjwa wengine. Sikukivaa. Kipo sandukuni.

Niliomba kurudi Geita, wakanirudisha. Nikafanya kazi miaka mingi mingine, na kazi yangu ilibadilika kwa jambo moja. Kabla sijamwagiza ndugu yeyote, niliuliza: wewe ni nani kwa mgonjwa? Nikiambiwa mkwe, nilimtuma kuchota maji, na kumgeuza nikatafuta mwanamke yeyote, hata wa kitanda cha jirani. Wauguzi vijana walinicheka, wakasema Mama Leticia anapanga harusi wodini. Na kadi nilizitundika, lakini nilipiga marufuku kusoma kadi bila kuweka mkono chini ya mgongo wa mgonjwa. Mgongo wenye joto na unyevu haujageuzwa, kadi iseme itakavyo. Wapo waliopona kwa hilo. Mpasuliwa mmoja wa kichwa, aliyerudishwa kwetu kutoka Dar es Salaam hajijui, nilimtunza na mama yake miezi miwili, akatoka anatembea, kifua chake hakikupata hata homa moja. Nilijivuna, lakini nusu.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilitumwa Nkome, ziwani, kwenye chanjo. Kati ya wanaume waliokuwa wakianika dagaa juu ya mchanga nikaona kofia ninayoijua. Kofia nyingine bila shaka, lakini imeshikwa vile vile.

"Masalu."

"Shikamoo, Mama."

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia nina maneno niliyoyaacha koridoni. Nikayasema yote, dagaa wakinuka, wenzake wakitusikia. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, na nilimtwika yeye.

Alikuwa akiendelea kutandaza dagaa kwa kiganja, taratibu, wasilaliane.

"Mama," akasema, "nilikuwa nimesimama dirishani siku ile yote, nimempa mgongo. Nilikuwa nasikiliza. Wewe ulikuwa umemfundisha mke wangu kuhesabu pumzi, na mke wangu alinifundisha mimi. Nilisikia zinaongezeka. Nilikuja kukuambia."

"Ulikuja."

"Mara mbili."

Nikamwona tena mlangoni, anasogeza midomo.

"Laiti ningekusikiliza," nikasema.

"Ulikuwa na damu mikononi, Mama. Na wale nao walikuwa watu." Akafuta kiganja kwenye suruali. "Chukua dagaa kidogo, ukale na wajukuu." Akanifungia katika gazeti. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, lakini alitembea pembeni, majanini, hatua kadhaa nyuma yangu, macho chini. Nilitambua njiani. Alinipa heshima ya mama mkwe.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Walinipa kanga, saa ya ukutani na hotuba. Naishi Kalangalala, hapa Geita mjini, kwa binti yangu Leticia, chumba cha uani. Miaka ya kuni na vumbi la Geita imeingia kifuani mwangu pia; nikipanda kutoka sokoni nasimama mara nne. Chini ya miguu ya kitanda changu, upande wa kichwa, nimeweka matofali mawili. Sikio langu halifiki mgongoni kwangu nijisikilize, lakini sihitaji kuambiwa.

Wanaoniuliza kazi yetu ilikuwa nini, nawajibu kwamba tulikuwa watu wa kugeuza watu. Daktari anakata siku moja, anaosha mikono. Pumzi haina siku moja. Inataka mtu awepo saa ya saba, na saa ya tisa, na kesho, mtu anayeweza kumgusa yule aliyelala. Mashine mnazo sasa, nasikia. Ulizeni bado ni nani aliyebaki kitandani, na kama anaruhusiwa kugusa.

Leticia anafundisha shule mbali, anaondoka asubuhi anarudi jioni. Mchana anayebaki nyumbani ni mumewe, Baba Joseph, fundi baiskeli, mtu mwema kuliko niliyemstahili. Akinipitia uani huzungukia nyuma ya choo ili asinikute uso kwa uso. Juzi nikamwita. Alisimama kule kwenye kamba ya nguo, shuka likituficha. Nikamwambia mimi nimeona mengi, na siku nitakapolala nisijiweze asiniogope. Mwiko nimemfungulia. Anigeuze kila saa mbili, kulia, mgongo, kushoto, mimi mwenyewe nimeruhusu na Mungu ni shahidi.

Shuka lilikuwa likipepea. Chini yake niliona miguu yake imekaa sambamba, haisogei.

"Umenisikia, Baba Joseph?"

"Ndiyo, Mama," akasema.